Landrova Iliyolia Ikikanyagwa Breki

Wiki iliyopita mliniacha chali chini ya landrova, mkononi nimeshika waya nisiojua unakotoka, na viatu vya Ataa Okpoti vimesimama karibu na sikio langu vikisubiri jibu. Nilijikohoza.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa samaki kabla hajalisoma: mimi ni Lomotey, fundi waya wa magari hapa Teshie, mtu mzima wa kutosha kuwa na watoto watatu, na sina hata paka. Nampenda Korkoi, binti wa Ataa Okpoti (Ataa kwetu ni Baba, Awo ni Mama). Jumamosi mjomba wangu Sowah alikuwa aende na chupa zetu mbili za pombe kali kugonga mlango wa kwao, maana kwetu sisi watu wa kabila la Waga posa huanza kwa kugonga mlango. Mzee alikuwa ametoa sharti moja.

"Landrova yangu ikikanyagwa breki inapiga honi. Inyamazishe kabla ya Jumamosi. Ikilia tena, usije na chupa, usije na mjomba, na wewe mwenyewe usije."

Sharti hilo mwezi mwingine lingekuwa mzaha. Lakini mji mzima ulikuwa kwenye mwezi wa kimya. Mahindi ya sikukuu ya Homowo yalikuwa yamekwisha kupandwa, na mpaka kuhani afungue ngoma, hakuna ngoma, hakuna spika, hakuna vigelegele. Mpiga kelele hutozwa kondoo na hutajwa jina hadharani.

Sasa, nani alikuwa kwenye kamati ya kuwasaka wapiga kelele? Ataa Okpoti huyo huyo! Majuzi alikamata spika za baa moja, akazipakia kwenye landrova, na kila kona aliyopita honi ikamtangaza. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Lomotey, umelala huko?" aliniuliza.

"Natafuta, Ataa."

"Umekuta nini?"

"Mafundi waliopita walifanya kazi na waya wa rangi moja."

Sikusema uongo. Mzee aliinunua landrova ile kwenye mnada wa serikali alipostaafu upimaji wa ardhi, na tangu siku hiyo kila fundi aliyeigusa aliongeza waya wake bila kutoa wa mwenzake. Kulikuwa na waya wa nyumba, waya wa spika, na mmoja ninaamini ulikuwa wa pasi. Zote nyekundu. Ukiufuata mmoja kutoka kwenye taa, unajikuta kwenye waipa.

Nikatoka chini, nikajipangusa, nikampa hotuba. Msomaji, huwa napenda sana kutoa hotuba.

"Ataa, moto wa betri ni kama mgeni. Ukishampeleka kwenye taa, lazima awe na njia ya kurudi kwake. Njia hiyo ndiyo sisi tunaita ethi. Ikishika kutu, mgeni anapita uani kwa majirani. Ukikanyaga breki, moto unakwenda kwenye taa za nyuma, unakosa njia ya kurudi, unapitia kwenye honi. Basi."

"Basi?"

"Basi. Nipe msasa na nusu saa."

Nilifungua boliti ya ethi kwenye chesisi, nikakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi, nikakaza. Nikawasha taa. Ziling'aa kama mpya! Ataa Okpoti akatabasamu. Korkoi, aliyekuwa akianika nguo, akanikonyeza. Nikapanda kwenye usukani kwa madaha, nikakanyaga breki.

Honi ililia mara mbili ya zamani.

Sitanii. Kuku waliruka ukuta. Kumbe honi ilikuwa na njaa ya moto miaka yote ile, na mimi nimeipa mlo kamili. Mguu wangu kwa hofu ukazidi kukanyaga.

"Toa mguu!" Ataa alinong'ona kwa ukali. "Toa mguu, mpumbavu we!"

Alikimbilia boneti, akalifungua, akavua shuka lake la begani akaifunika honi. Ikaendelea. Akanyakua donge la kenke, ugali wa mahindi yaliyochachushwa, lililokuwa chakula changu cha mchana, akaukandika mdomo wa honi. Sauti ikageuka ya mbuzi mwenye mafua. Hatimaye mguu wangu ukasikia amri, ukatoka.

Kisha nyuma ya ukuta jirani mmoja akauliza taratibu, "Kamati? Kamati mpo hapo? Kuna kelele mahali."

Ataa Okpoti alinitazama. Shuka chini, kenke mkononi.

"Umeitengeneza," alisema. "Honi."

Nilijifunza kitu hata hivyo. Kama ethi ingekuwa ndiyo mbaya, honi ingepoa baada ya kusafishwa. Haikupoa. Kwa hiyo moto haukuwa umepotea njia, bali kulikuwa na mtu aliyeupeleka pale makusudi, kwa waya unaotoka kwenye swichi ya breki.

Nikachukua balbu yangu ya kupimia, nikawa nagusa waya mmoja mmoja huku Korkoi akinikanyagia breki baada ya kuchomoa honi kwenye plagi yake. Gusa, hakuna. Gusa, hakuna. Gusa, balbu ikawaka breki ilipokanyagwa, ikazima ilipoachwa. Nikaukamata! Ulikuwa umejificha nyuma ya wenzake, unakwenda moja kwa moja kwenye honi.

"Kata," alisema Ataa.

Nikakata. Nikairudisha honi kwenye plagi. Breki ikakanyagwa, kimya. Kitufe cha usukani kikabonyezwa kidogo, honi ikaitika kidogo. Kazi safi. Nikaenda nyumbani nikiimba moyoni, maana kwa sauti ilikuwa marufuku.

Asubuhi Ataa Okpoti aliitoa landrova kwenda kwenye kikao cha kamati. Alipofika getini akafunga breki. Mwenyekiti wa kamati mwenyewe alikuwa anapita njiani kwa miguu. Nasikia aliruka mtaro.

Niliitwa mbio. Nikafungua boneti. Waya niliokata ulikuwa umeungwa.

"Ulikata au ulijifanya kukata?" mzee aliuliza.

"Nilikata, Ataa! Na wewe ulikuwepo!"

"Basi?"

Nikakata tena, safari hii nikatoa kipande kirefu kabisa, nikakitia mfukoni. Kesho yake kilikuwa kimewekwa kipande kingine. Nywele zikanisimama.

"Wazee walisema," alianza Ataa Okpoti, akitazama huku na huku, "kuna watu wafupi wa porini. Wanapenda vyuma. Landrova hii imeenda sana porini."

"Ataa, watu wafupi hawaungi nyaya."

"Unawajua wewe?"

Nikamwomba tuitoe honi yenyewe, maana plagi ikichomolewa tu itachomekwa tena usiku, tuiweke kabatini mpaka ngoma zifunguliwe. Alinitazama kama niliyemwomba ang'oe meno.

"Honi hii ndiyo huongoza ukoo wetu barabarani siku ya Homowo. Niliichomelea mwenyewe mbele ya ndugu zangu, na niliapa haitatoka. Ukiigusa, umeugusa ukoo. Na ukoo ndio unaokupa mke."

Nikaiacha honi ilipo. Mzee akaenda zake kuomba radhi kwa mwenyekiti.

Korkoi akaniletea kenke na samaki wa kukaanga. Alikaa kwenye bampa, akanitazama nikitafuna.

"Fundi," alisema, "Jumamosi iko karibu."

"Najua."

"Watu wanasema fundi wangu ameshindwa na honi. Honi, Lomotey! Ingekuwa injini ningewajibu."

"Mtu anaiunga usiku."

"Mtu nani?"

"Baba yako anasema watu wafupi."

Alicheka mpaka akashika bampa. Nami nilipenda kumwona akicheka, ila nilitamani angecheka kitu kingine. Akaondoka na sahani. Nikarudi kwenye ule muungo, na kwa mara ya kwanza nikautazama badala ya kuukasirikia.

Haukufungwa kwa tepu. Ulifungwa kwa uzi mweusi, umezungushwa taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, umekazwa sawasawa, na ncha yake imefichwa ndani isionekane. Hakuna fundi duniani anayefunga hivyo. Ule ulikuwa uzi wa kusukia nywele.

Nikainua macho. Dirishani alikaa Awo Dedei, mama yake Korkoi, anachambua maharage. Nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa uzi mweusi, mzunguko juu ya mzunguko, ncha zimefichwa.

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Umechelewa kuona," alisema bila kuinua kichwa. "Ila wa kabla yako hakuona kabisa."

"Awo... ni wewe?"

"Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi waya kabla wewe hujaota meno. Nilikuwa namshikia taa. Kuunga nyaya mbili si kuzaa pacha."

"Lakini kwa nini, Awo? Mzee anaaibika mji mzima!"

Akaweka sinia la maharage chini, akasogea dirishani.

"Mume wangu anasema anakwenda shambani. Haya, shamba tunalo. Lakini mihogo ya mwaka jana bado iko ardhini, haijang'olewa. Nikasema sitamfuata mtu mzima kama askari, nitaacha gari liniambie. Sasa nasikia. Breki ya kwanza, getini. Ya pili, njia panda. Ya tatu, kwenye tangi la maji. Halafu kimya, Lomotey. Kimya kirefu. Kwenye tangi la maji kuna shamba?"

"Hakuna, Awo."

"Anarudi midomo inang'aa, na chakula changu hakigusi. Kuna mwanamke pale. Honi hiyo ndiyo masikio yangu."

"Awo, nisipoinyamazisha simpati Korkoi. Mzee kaapa."

"Na ukiinyamazisha, Jumamosi mkono wangu hautagusa chupa yenu. Unajua desturi. Baba akubali mara kumi, mama asipopokea, mlango haujafunguliwa."

Akarudi kwenye maharage yake.

Niliruka majivu nikakanyaga moto. Nikikata waya, mama hapokei. Nisipoukata, baba hafungui. Nilikaa kwenye ngazi ya landrova nikajihurumia waziwazi, maana nilimtaka Korkoi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na ulimwengu mzima ulikuwa umeninyima kwa sababu ya waya mmoja mwekundu.

Ndipo ufundi ukanijia. Mjini kwetu hakuna mwenye gari asiyewekewa swichi ya siri ili mwizi akiingia lisiwake. Kila fundi ana mafichoni pake. Wengine huweka chini ya kiti, wengine ndani ya kisahani cha majivu. Mimi huweka nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, mahali ambapo mkono wa mtu asiyejua hauingii.

Nikaukata waya wa Awo, nikaupitisha kwenye swichi ndogo, nikaificha. Swichi ikiwashwa, breki inalia. Ikizimwa, breki bubu. Ndani ya mji itakuwa imezimwa, nikasema, na ngoma zikifunguliwa nitaiwasha, wazee wamalizane wenyewe, mimi nikiwa na mke wangu.

Kwa baba nikasema, "Ataa, imenyamaza." Kwa mama nikasema, "Awo, waya wako uko palepale." Yote mawili yalikuwa kweli. Mshika mbili moja humponyoka, lakini methali hiyo nilidhani ni ya watu wasio na swichi.

Ijumaa tukaenda kuijaribu. Ataa Okpoti kwenye usukani, mimi pembeni, mkono wangu umeshahakikisha swichi imezimwa. Mzee alitoka jasho. Getini akakanyaga breki kama anakanyaga yai. Kimya. Njia panda, kimya. Akapita mbele ya nyumba ya kuhani, akakanyaga kwa nguvu. Kimya! Mwenyekiti wa kamati alikuwa kibarazani. Alitazama landrova, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mwanangu," alisema Ataa Okpoti.

Hakuwahi kuniita hivyo. Ilinibidi nitazame nje ya dirisha nijifanye vumbi limeniingia.

"Mwanangu, leo nimekuwa mtu tena. Twende shamba."

Alikata kona kwenye tangi la maji, akafunga breki, akazima injini. Nikasema sasa nitamwona huyo mwanamke, na nitakuwa shahidi wa jambo nisilotaka.

Tukazunguka nyuma ya ukuta. Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na Efo Senanu, jirani yangu muuza nyama, mwanaume mwenye kitambi na aproni, amesimama kwenye moshi juu ya karai kubwa. Ndani ya karai nyama ya nguruwe ilikuwa inachemka kwenye mafuta yake, vitunguu na pilipili juu.

"Mkuu!" alisema Efo Senanu. "Leo umekuja bila honi! Sikujua niweke sahani."

Ataa Okpoti aliosha mikono kama anayejiandaa kwa sala.

"Daktari kasema presha," aliniambia, macho yakiwa kwenye karai. "Kanikataza mafuta, kanikataza chumvi, nguruwe ndiyo hata nisimtazame. Dedei alimzika kaka yake kwa presha. Aliapa mbele ya wazee, siku akijua nimekula nguruwe, anafungasha anarudi kwao. Hataki kunizika na mimi."

"Ataa, kama ni hivyo, turudi nyumbani."

"Kaa."

Nikakaa.

"Utakachokula hapa hukukila. Ulipofika hapa hukufika. Ukimwambia mtu yeyote, Korkoi utamsikia kwenye redio."

Msomaji, nakiri. Nilimwonea huruma Awo Dedei, nilimwona akimshikia taa kaka yake, na moyo uliniuma kweli. Halafu nikala. Nikala, nikaomba vitunguu, nikala tena. Efo Senanu ana mkono wa mapishi.

Tuliporudi Awo Dedei alikuwa amekaa getini, kiti chake kimegeukia barabara ya tangi la maji. Amekaa hapo mchana kutwa akisikiliza, na hakusikia kitu.

"Mmefika wapi?" aliuliza.

"Shamba," alisema mumewe, akapita haraka.

Awo alinitazama mimi.

"Na wewe midomo inang'aa."

"Grisi, Awo," nikasema. "Kazi yetu ni ya grisi."

Nilitaka kurudi kwenye landrova niiwashe ile swichi angalau apate breki ya getini, lakini Ataa Okpoti alikuwa amekwisha kuingia na funguo.

Jumamosi ikafika. Mjomba Sowah alivaa kitambaa chake kizuri, chupa mbili zikafungwa utepe, tukaenda.

Kwa kuwa baba mkwe ni kamati, kila kitu kilifanyika kwa kunong'ona. Tulinong'ona hodi. Wakanong'ona karibu. Mjomba wangu, ambaye kwa kawaida husikika mpaka Nungua, mji wa jirani, alisimama katikati ya sebule akanong'ona, "Tulikuwa tunapita, tukaona ua zuri katika nyumba hii. Tumekuja kuuliza kama lina mwenyewe."

Wazee wa kwao wakajibu kwa minong'ono. Mashangazi wakapiga vigelegele bila sauti, midomo wazi, ndimi zikicheza. Nilitaka kucheka nikajifinya paja.

Korkoi akaitwa. Alipendeza mpaka nikasahau jina la mjomba wangu.

Mzee wa ukoo akamwonyesha chupa. "Binti, unawajua watu hawa?"

"Nawajua."

"Tupokee?"

"Pokeeni."

Desturi ni kuuliza mara tatu. Akauliza ya pili. Korkoi akasema pokeeni, akanitazama, akatabasamu. Nikaanza kupumua. Mzee akafungua kinywa kwa mara ya tatu, na hapo Awo Dedei akainua mkono.

"Kabla sijaigusa chupa, nina swali kwa bwana harusi."

Sebule ikageuka kunitazama.

"Jana," alinong'ona, "mlipotoka na mume wangu, landrova ilisimama wapi?"

Ataa Okpoti aligeuka rangi. Alinitazama kwa macho ya mtu anayezama.

"Jibu, mpwa wangu," mjomba Sowah alininong'oneza. "Swali rahisi hilo."

Rahisi! Nikisema kweli, Awo anafungasha na posa imekufa. Nikisema sijui, hapokei. Njia ya mwongo fupi, nilijua, lakini wakati ule sikuhitaji njia ndefu. Nilihitaji ya kunifikisha kwenye ile chupa tu.

"Ilisimama kwangu, Awo," nikasema. "Nyumba yangu iko karibu na tangi la maji."

"Na siku nyingine zote za shamba?"

"Kwangu pia. Ataa huja kunichunguza. Anataka kujua anamwoza binti yake kwa mtu gani. Aliniomba nisiseme."

Nakwambia, nilijipenda wakati ule. Mashangazi walitikisa vichwa kwa kuguswa. Mmoja akafuta jicho. Awo Dedei alimgeukia mumewe, uso umelegea kidogo kidogo, na nikaona kweli kwamba miezi yote ile hakuwa na hasira bali alikuwa na huzuni.

"Okpoti, ni kweli?"

Angesema ndiyo, tungekunywa. Lakini mtu aliyeokolewa majini hupenda kusimulia.

"Kweli kabisa!" alinong'ona Ataa Okpoti, amefurahi, mikono inapaa. "Naenda kwake, nakaa, nakula, narudi."

"Unakula," alisema Awo Dedei.

"Nakula sana! Chakula kitamu, vitunguu vingi, pilipili ya kutosha. Mikono ile haina mfano katika mji huu."

"Ataa," nikasema.

"Kila siku ya shamba, moto moto! Anajua nikija, sahani tayari."

"Ataa!"

Akafikiri. Nikaona inavyomwingia polepole. Akainua macho akaanza kuchunguza dari.

"Mikono ya nani?" aliuliza Awo Dedei.

Korkoi alikuwa amesimama, na tabasamu halikuwepo tena.

"Lomotey," alinong'ona. "Wewe uliniambia unaishi peke yako."

"Naishi peke yangu!"

"Uliniambia jiko lako lina buibui. Nilikuonea huruma nikawa nakuletea kenke kila siku. Wewe hata maji huwezi kuchemsha. Nani anapika kwako?"

"Korkoi, nisikilize..."

"Nasikiliza. Nani?"

Nikamtazama Ataa Okpoti. Mtu mmoja tu chini ya bati lile angeweza kuniokoa kwa neno moja, na neno hilo ni nguruwe. Alikuwa bado anasoma dari.

Mzee wa ukoo, kwa kuwa desturi ni desturi, akauliza kwa mara ya tatu, kwa unyonge, "Binti... tupokee?"

Korkoi akaichukua chupa, akavuka sebule, akaiweka mapajani mwa mjomba Sowah. Hakuitupa. Aliiweka taratibu, na hilo liliniuma zaidi.

"Bado," alisema. Akachomoa funguo za landrova kwenye msumari ukutani. "Awo, vaa viatu. Tunakwenda kwake sasa hivi. Anayepika nataka nimwone kwa macho."

Awo Dedei alikuwa amekwisha vaa. Mashangazi wote wakasimama.

Mwanzoni nilifarijika. Waende! Watakuta nini? Sufuria tupu na buibui. Watajua sina mwanamke.

Halafu akili ikanirudia. Wakikuta sufuria tupu na buibui, watajua vilevile kwamba hakuna mtu aliyewahi kupewa chakula katika nyumba ile, na swali la Awo litarudi palepale lilipoanza. Landrova husimama wapi? Efo Senanu na karai lake wako hatua chache tu kutoka mlangoni pangu, na upepo wa mchana huelekea kwangu.

Nje, milango ya landrova ilifungwa. Injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena.

Mkono ukanishika kola kwa nyuma. Alikuwa Ataa Okpoti, jasho linamtiririka, mdomo wake umegusa sikio langu.

"Kuna njia ya uani, ni ya mkato," alinong'ona. "Kimbia, mwanangu. Wawahi. Tafuta mwanamke yeyote, umweke jikoni kwako."

Injini ikawaka.